Na Breki Iko Wapi?

Hilo ndilo swali la kwanza mjomba aliloniuliza nilipompigia simu Mombasa kumwambia kwamba tumeanza kujenga nakala ya gari moshi la zamani, Rocket. Nilikuwa nimemtumia picha ya mchoro. Nikamsikia akimwambia mjukuu wake aikuze, kisha kimya, kisha akakohoa.

"Mpwa wangu, dohani nimeiona. Magurudumu nimeyaona. Pipa la maji nimeliona. Na breki iko wapi?"

"Haina, mjomba."

"Haina namna gani?"

"Haina kabisa. Rocket ya mwaka 1829 haikuwa na breki. Dereva akitaka kusimama anageuza mvuke upige kinyume."

"Basi aliyeiendesha hakuwa na mke wala watoto," akasema, akaniuliza habari za baridi.

Mjomba alikuwa na haki ya kuuliza. Aliendesha Garratt, injini kubwa za mvuke, za daraja la 59 kati ya Nairobi na Mombasa, zile zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa 34, zimejengwa na Beyer Peacock hapa hapa Manchester ninapoishi, kila moja na uzito wa tani kama 250. Mount Gelai bado imekaa pale makumbusho ya reli Nairobi, ukipita kaitazame. Mtu aliyeteremka mteremko wa Mazeras, karibu na Mombasa, usiku, mvua inanyesha, na mabehewa yamemsukuma mgongoni, huwezi kumwambia kuhusu injini ya tani nne na ushei isiyo na breki ukategemea akupongeze.

Mimi mwenyewe sikuwahi kuendesha. Kazi yangu ilikuwa boila za hospitali, kwanza nyumbani, halafu Uingereza kwa miaka 19. Boila ya hospitali haiendi popote. Inapasha maji, inafua mashuka, inakaa chini kwenye ghala lake kama ng'ombe zizini. Mwaka 2011 mwenzangu wa kazini akanichukua Jumamosi moja hadi kwenye banda nje ya mji mdogo, kaskazini, ambako wastaafu kumi na wawili na msichana mmoja mhandisi walikuwa wamezunguka meza wakibishana kuhusu unene wa bati. Walikuwa wamekwama kwenye boila. Nikaingia kunywa chai, na miaka minane baadaye nilikuwa bado sijatoka.

Niseme kidogo Rocket ni nini, maana wengi wanalijua jina tu. Mwezi wa Oktoba 1829 wenye reli ya Liverpool na Manchester walitangaza shindano pale Rainhill, zawadi pauni 500, ili waamue kama mabehewa yao yatavutwa na injini zinazotembea au na kamba zinazozungushwa na injini zilizosimama. Injini za mvuke zilizofika uwanjani na kuhesabika ni nne: Rocket, Novelty, Sans Pareil na Perseverance. Kulikuwa na ya tano pia, Cycloped, ambayo ilikuwa farasi anayetembea juu ya mkanda. Kila nikiisimulia nyumbani watu hudhani natania. Novelty ilipendwa na watazamaji kuliko zote, nyepesi, inakimbia, halafu ikaharibika mara kwa mara. Rocket ilimaliza safari zote ishirini za kwenda na kurudi mbele ya waamuzi, na ilipofunguliwa bila mzigo ikafika karibu maili 30 kwa saa. Ikachukua pesa.

Sasa jambo ambalo sikulijua kabla ya kuingia banda lile. Rocket ya asili ipo, inatunzwa na makumbusho ya reli ya taifa ya Uingereza, unaweza kwenda kuiangalia. Lakini unayoiangalia siyo iliyoshinda Rainhill. Miezi michache tu baada ya shindano wakaanza kuikata na kuibadilisha. Silinda zilizokuwa zimeinama juu juu wakazishusha karibu zilale. Mbele wakaongeza kisanduku cha moshi. Halafu ikafanya kazi, ikauzwa, ikavuliwa vipande. Ukitaka kuona injini ya Oktoba 1829 huna budi kuijenga. Ndiyo maana nakala zimejengwa zaidi ya mara moja. Ile iendayo kwa mvuke wanayoijua wengi ilijengwa mwaka 1979 kwa ajili ya sherehe za miaka 150.

Na michoro kamili ya fundi hakuna. Kuna vipimo vilivyoandikwa na John Rastrick, mmoja wa waamuzi watatu, kwenye daftari lake. Kuna michoro ya magazeti ya wakati ule. Na kuna chuma chenyewe, ambacho wataalamu walikichunguza kipande kwa kipande mwaka 1999, wakisoma matundu ya zamani yaliyozibwa kama daktari anavyosoma makovu. Kutoka hapo unabahatisha kwa adabu. Tulikuwa na mzee mmoja, fita aliyeanza kazi akiwa na miaka kumi na mitano, ambaye kila tukigombana kuhusu kipimo alikuwa akiuliza, "Patasi yao ingeingia hapo?" Kama haiingii, basi hawakufanya hivyo. Swali hilo lilitatua mengi kuliko kompyuta ya yule msichana, na yeye mwenyewe alikubali.

Magurudumu yalinipa somo ambalo ningepaswa kulijua tangu utoto. Yale makubwa ya mbele ni ya mbao, mwaloni, yamevishwa tairi la chuma. Siku ya kuvisha tairi ilikuwa kama harusi: moto wa duara uwanjani, chuma kikawa chekundu, watu sita wakalibeba kwa koleo ndefu, likaingia kwa kugongwa, maji yakamwagwa, mvuke ukatufunika wote, na mbao zikalia zilipobanwa. Tukapiga picha. Kisha baridi ikaingia na mtu mmoja mwema akanunua hita kubwa la gesi ili wazee wasiugue mafua.

Mwezi wa Februari nikaegemea gurudumu, likalia kwi. Nikasukuma spoki kwa mkono, ikacheza. Zote zilicheza. Hita lilikuwa limekausha mwaloni usiku na mchana, mbao zikanywea ndani ya tairi.

Nimekulia Mji wa Kale. Nimeona jahazi likikaa juu mchangani msimu mzima hadi unaweza kupitisha kisu kati ya mbao, na nimeona nahodha akilizamisha majini siku mbili kabla ya kulipakia kitu, livimbe, lijifunge lenyewe. Nikawaambia wenzangu tuyafunike kwa magunia mabichi na tuzime hita. Wakanitazama. Lakini fita mzee akasema mabehewa ya shamba ya babu yake yalikuwa yakiegeshwa kwenye kijito kila kiangazi kwa sababu hiyo hiyo. Magunia yakapatikana. Baada ya majuma matano yakakaza, ila spoki mbili tulizibadilisha. Tulivaa makoti banda zima mpaka Aprili na hakuna aliyeugua.

Silinda hazikutibika kwa magunia. Kazi tulikipa kiwanda cha kusubu, yaani cha kumimina chuma kilichoyeyushwa, jina sikitaji, zikarudi zinang'aa, tukazichonga ndani hadi kipenyo cha inchi 8, siku nyingi za kazi. Tulipozijaza maji kwa presha moja ikatoka jasho. Si ufa, jasho tu: vitone vidogo kwenye ukuta wa nje kama chupa ya soda. Chuma kilikuwa na vinyweleo ndani. Kiwanda kikasema tumekichonga sana, sisi tukasema wamekisubu vibaya, na barua zikaenda na kurudi mwaka mzima. Siku hizo nilikuwa nikimfikiria sana Timothy Hackworth. Sans Pareil yake ilikwama Rainhill kwa mambo kadhaa, uzito wake ulizidi na ilikula makaa vibaya, lakini pia silinda yake ilipasuka mahali ukuta ulipokuwa mwembamba mno. Na silinda ile ilisubiwa wapi? Kwenye karakana ya Robert Stephenson, mjenzi wa Rocket na mshindani wake. Kuna watu hadi leo wanaoamini ulikuwa ujanja. Mimi, baada ya silinda yetu kutoka jasho, naamini ilikuwa Jumatatu mbaya ya fundi fulani. Tulisubu nyingine mahali pengine. Ilichukua akiba yetu yote ya mwaka ule.

Boila ndiyo niliyoitiwa. Hapo ndipo Rocket iliposhinda kwa kweli. Injini za kabla yake, kama Locomotion ya mwaka 1825, zilipitisha moto kwenye bomba moja nene katikati ya maji. Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli ile, akatoa wazo la mabomba mengi membamba, na Robert Stephenson akaweka 25 ya shaba, kila moja inchi 3. Moto ukagusa maji pande nyingi zaidi kwa wakati mmoja. Ni akili ile ile ya kukatakata muhogo kabla ya kuchemsha badala ya kuutia mzima. Kazi iliyonitoa machozi ilikuwa kuyatanua matundu ya mabomba hayo kwenye bati bila kuvujisha hata moja. Nilirudia namba 17 mara nne, na mpaka leo nikilala vibaya naiota.

Lakini boila yetu si ya 1829. Ile ilikuwa bati za chuma zilizopigwa ribiti. Yetu ni ya chuma cha pua kidogo sana na cha kawaida kwingi, imechomelewa, kila mshono umepigwa eksirei, na imejazwa maji baridi kwa presha ya mara moja na nusu mbele ya mkaguzi aliyekuwa na tochi ndogo na uso usiosema kitu. Ina valvu mbili za usalama. Ina vioo viwili vya kuonyesha maji yamefika wapi. Ina plagi ya risasi itakayoyeyuka maji yakishuka mno, mvuke umwagike motoni na kutuonya. Na ina breki ya kukanyaga, kwenye tenda, lile behewa dogo la maji na koki nyuma ya injini, mjomba alifurahi. Wako wapenzi wa mambo ya kale wanaolalamika kwamba nakala yenye breki si nakala. Wasome habari za tarehe 15 Septemba 1830, siku reli ile ilipofunguliwa. Mbunge William Huskisson alishuka behewani pale Parkside kunyoosha miguu na kusalimiana, Rocket ikaja kwenye njia ya pili, Joseph Locke akiwa ndiye anayeendesha. Locke alifanya alichoweza, yaani kugeuza mvuke, lakini injini ikamgonga mbunge. Huskisson alifariki usiku ule.

Kila kitu tulichoongeza kwa amri ya mkaguzi kilinionyesha jambo ambalo wale wa kwanza walilifanya kwa macho, masikio na bahati. Mimi ningeiweka orodha ile ya nyongeza ukutani kando ya injini, wageni waisome kabla ya kupanda.

Tuliwasha moto kwa mara ya kwanza mwaka 2018. Rocket inatumia koki, yaani makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa yakatoka moshi, kwa sababu sheria ya reli ile ilidai injini zisitoe moshi. Mjomba hakuwahi kutumia koki wala makaa. Garratt zake zilichoma mafuta mazito, faya-man anazungusha valvu amekaa kwenye kiti. Koki ni mkaidi. Unaanza na kuni saa kumi na mbili alfajiri, unaiweka kidogo kidogo, inakaa nyeusi kana kwamba umeitukana. Haina ndimi ndefu za moto, haikuonyeshi hasira yake. Halafu ghafla inakuwa nyeupe na huwezi kuusogelea mlango. Na inataka pumzi. Mvuke uliokwisha kufanya kazi kwenye silinda unapigwa ndani ya dohani, unavuta hewa kupitia moto. Kwa hiyo injini ikitembea moto unaamka, ikisimama moto unasinzia. Boila yangu ya hospitali ilikuwa na feni. Hapa safari ndiyo feni.

Kuiondoa ni habari nyingine. Mjomba alikuwa na mkono mmoja wa kuchagua mbele au nyuma. Kwenye Rocket vinavyosukuma valvu ni vipande vya mviringo vilivyofungwa kando ya kitovu kwenye ekseli, na vinashikwa upande huu kwa kwenda mbele, upande ule kwa kurudi, kwa kukanyaga pedali. Lakini injini ikiwa imesimama pedali peke yake haitoshi. Unaziachanisha valvu na ekseli, unashika mikono miwili ya chuma na kuzisukuma mwenyewe, hii ya kushoto, hii ya kulia, ukiangalia gurudumu liko wapi ili ujue pistoni ipi inataka mvuke. Injini ikianza kuzunguka unakanyaga, unaiachia ijiendeshe. Ukikosea, inakwenda kinyume. Nilikosea mara saba mfululizo mbele ya waandishi wa gazeti la mtaa. Msichana mhandisi akaipata mara ya kwanza. Alisema ni kama ngoma, usiifikirie mikono, fikiria mguu.

Siku ya hofu ilikuja kiangazi kilichofuata. Tulikuwa kwenye reli fupi, mita mia na hamsini hivi, kwa ajili ya familia za wanachama. Watoto wamepanga foleni, kila mmoja anataka kupanda, kina baba wanapiga picha, nami nimesimama jukwaani nafurahia kuwa mtu muhimu. Nilipotupa jicho kwenye kioo maji yalikuwa chini ya nusu, nikafungua injekta, kifaa kinachosukuma maji ndani ya boila kwa nguvu ya mvuke. Injekta si ya 1829, iligunduliwa na Mfaransa Giffard mwaka 1858, na tulikuwa tumeifunga kwa sababu mkaguzi alitaka njia mbili za kuingiza maji. Siku ile ilikuwa imepata joto kutoka kwenye bomba la jirani, ikakataa. Ikatema mvuke nje, maji hayakuingia. Nikajaribu tena. Kioo kikashuka.

Njia ya pili ni pampu ya asili, na pampu hiyo inaendeshwa na injini yenyewe. Injini isipotembea, pampu haisukumi. Na mbele yangu kulikuwa na watoto.

Nilipaza sauti ambayo mke wangu anaijua. Watu wakarudi nyuma ya kamba, dereva akaiondoa, tukaenda mita mia na hamsini, tukarudi mita mia na hamsini, mbele na nyuma, bila abiria, kama mtu anayetembeza mtoto mwenye homa usiku. Kila mzunguko maji yakipanda upana wa kidole, na kila mara tukisimama kubadilisha mwelekeo, ile ngoma ya mikono miwili na mguu. Niliitazama plagi ya risasi kichwani mwangu dakika kumi nzima. Hatukuifikia.

Jioni, mikono ikiwa bado inatetemeka kidogo, nikakumbuka kwamba nimewahi kusoma kuwa madereva wa mwanzo walikuwa wakifanya hivyo hivyo: treni ikichelewa kuondoka, wanaifungua injini na kuikimbiza peke yake huku na huko ili kuijaza maji. Niliposoma niliona ni kichekesho. Siku hizi naangalia kioo kwanza, halafu ndiyo nasalimia watu, na wageni wengine wananiona sina adabu.

Mwendo wa kasi hatujawahi, reli yetu haituruhusu. Lakini hata kwa mwendo wa mtu anayekimbia unahisi magotini kwa nini walizishusha silinda. Zikiwa zimeinama vile, kila pistoni ikisukuma gurudumu inasukuma na mwili wa injini juu, kushoto, kulia, kushoto, nasi tunayumba kama bata anayewahi kisimani. Nilikuwa nimesoma sababu hiyo mara nyingi. Miguu ilinieleza upesi zaidi. Mwaka 2002, walipoyarudia mashindano kule Llangollen, Wales, kwa nakala tatu, Rocket, Sans Pareil na Novelty, Rocket ikashinda tena. Nadhani pamoja na kuyumba kwake.

Mjomba sasa hatoki nyumbani sana. Macho yamepungua, picha hazimsaidii. Mwaka jana nilimpigia nikiwa juu ya injini, nikamwomba msichana ashike simu karibu na dohani tulipokuwa tukienda. Silinda mbili, kila moja inapiga kwenda na kurudi, gurudumu likizunguka mara moja unasikia pumzi nne. Tulienda mpaka mwisho wa reli. Nikachukua simu.

"Umesikia, mjomba?"

"Nimesikia. Inachechemea."

"Inachechemea vipi?"

"Chu, chu, chu, halafu moja inakawia. Ya nne inakuja kama mgeni. Valvu ya upande mmoja haifunguki sawa na mwenzake. Fungueni muangalie."

Tulikuwa tumepanda injini ile mwaka mzima na hakuna kati yetu aliyeisikia. Fita mzee akaingia chini na taa. Upande wa kushoto, fimbo ya valvu ilikuwa imelegea kwenye nati yake, imesogea milimita mbili hazijai. Tukairudisha, tukaifunga kwa pini. Jumamosi iliyofuata nikampigia tena, tukaenda mbele, akasikiliza, akasema hiyo sasa injini.

Kisha tukarudi kinyumenyume, na simu bado iko hewani.

"Nyuma bado," akasema.

Ni kweli, nyuma bado. Tumeipima mara tatu na hatujaona tatizo liko wapi. Tutaifungua tena baada ya Pasaka, na mjomba ameshaniambia nisimpigie kabla ya saa tatu asubuhi, kwa sababu kabla ya hapo adhana, jogoo na pikipiki za mtaani zinamharibia sikio.